Besi Niliyoing'oa Freti

Nilizing'oa freti za besi yangu nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba, mlangoni mwa mashine yangu ya kusaga pale Nyarubungo, siku ambayo mvua ilikuwa imewazuia wateja tangu asubuhi. Freti ni vile vijichuma vyembamba vilivyopandwa kukingama kwenye shingo ya gita. Ukibana uzi nyuma ya kimoja, noti inatoka kama alivyoipanga aliyetengeneza gita, uwe unajua unachofanya au hujui. Ukiving'oa vyote, shingo inabaki ubao mtupu, na noti inakuwa pale tu ulipoweka kidole. Ukikosea kwa upana wa punje ya ulezi, umekosea, na kanisa zima linasikia.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba freti zenyewe zilikuwa zimekwisha. Besi ile niliinunua mkononi kwa kwaya moja ya Kahama iliyokuwa inabadilisha vyombo, na walioipiga kabla yangu walikuwa na mikono mizito. Kila nikibana katikati ya shingo, uzi ulikwaruza chuma cha jirani ukatoa sauti ya nzi aliyenaswa kwenye chupa. Fundi wa kupanda freti mpya sikumpata Biharamulo wala Ngara, na yule niliyeelekezwa Mwanza aliniambia ninunue tu gita jingine.

Sababu ya pili ilikuwa redio. Jioni nyumbani kwetu tunanasa stesheni za ng'ambo ya mpaka, na siku moja ulipita wimbo wa maombi wa Kirundi ambao besi yake haikuwa inakanyaga noti. Ilikuwa inateleza kutoka noti moja kwenda nyingine, kama mtu mzima anayeguna kukubali jambo zito. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Aliacha, akasikiliza, akasema, "Huyo anaimba au anapiga?"

Kesho yake nilimuuliza mwalimu wetu wa kwaya, ambaye ndiye aliyenifundisha besi zamani, wakati bado nabeba magunia ya watu.

"Hiyo haina freti," alisema. "Wanaoiweza ni wachache. Haikusaidii kitu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia hamu.

Kazi yenyewe niliifanya kwa uangalifu. Nilipasha kila freti kwa ile pasi ndogo ya kuchomelea waya za redio mpaka gundi ya zamani ikalegea, kisha nikaivuta taratibu kwa koleo. Hata hivyo baadhi zilitoka na vibanzi. Mifereji iliyobaki niliijaza vipande vyembamba vya mbao nilivyovichonga kwa wembe, nikavigandisha, nikapiga msasa hadi kiganja kikawaka moto. Nyuzi za kawaida zimezungushiwa waya wenye mikunjo, na zikikutana na ubao mtupu zinaula kama tupa. Kwa hiyo nilipaka shingo nzima ile gundi ya kuchanganya mirija miwili, tabaka juu ya tabaka, nikaisugua mpaka ikang'aa. Vumbi la unga lilikuwa linatua juu yake kila nikigeuka. Ukiitazama kwa karibu utaona chembe nyeupe ndani ya gundi, kama vile kuna sembe iliyogandia humo.

Kisha nikaanza kujifunza upya. Asubuhi, kabla ya kwenda kufungua mashine, nilikaa kwenye benchi nje ya jiko la nyumbani, mke wangu yuko ndani anakoroga uji. Yeye huimba sauti ya pili kwenye kwaya na masikio yake hayadanganyiki. Alikuwa ananitolea noti moja, anaishikilia huku akikoroga, na mimi naitafuta kwenye shingo.

"Bado," anasema. "Panda. Panda kidogo. Umepita. Hapo hapo, usitoke."

Nilipoipata, sauti yake na uzi wangu vilikuwa vinashikana mpaka unashindwa kujua ipi ni ipi, na ubao wa gita ulitetemeka kifuani pangu. Nadhani katika maisha yetu yote ya ndoa hatukuwahi kuongea vizuri kuliko asubuhi zile. Watoto walikuwa wanatucheka. Jirani mmoja, mzee aliyehamia kutoka upande wa Shinyanga kama alivyohamia baba yangu, alipita akiswaga ng'ombe akauliza kama tunafanya ibada ya kuombea uji.

Jumapili ya kwanza nilipoipiga kanisani, mwalimu wa kwaya aligeuka katikati ya wimbo akanitazama, mkono wake bado unaongoza waimbaji. Hakutabasamu, si mtu wa kutabasamu. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, kama mtu aliyepewa chakula kizuri kuliko alivyotegemea. Baada ya hapo nilipiga kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye mikutano ya injili. Wakaanza kuniita mzee wa besi, nikiwa bado sijafika umri wa kuitwa mzee. Kama ningejua kipindi kile kitakuwa kifupi namna ile, sijui ningefanya nini tofauti. Pengine nisingefanya lolote.

Siwezi kusema tatizo lilianza lini. Mashine yangu ni ya dizeli, ya mkanda, na chumba chake ni kidogo, kuta za matofali na paa la bati. Mwagaji wa mahindi husimama na mashine ikiwa upande wake wa kulia, maana mdomo wa kumwagia uko huko, na mwagaji ni mimi. Miaka yote nimesimama hivyo. Jioni nilikuwa nikizima injini nabaki na mvumo kichwani, nanawa, nakula, unaisha. Baadaye ukawa hauishi. Siku moja nilimwambia mke wangu kwamba mwaka huu nyenje wamewahi.

"Nyenje gani?" aliuliza.

"Hawa wanaolia."

Alitega sikio. "Hakuna nyenje," akasema, akaendelea na kazi zake, na mimi sikulifikiria tena.

Kwenye mazoezi, mwalimu alianza kusimamisha nyimbo. "Hebu tutyuni tena," anasema. Tunatyuni. Mpiga kinanda ananipa noti, napata, tunaanza, na baada ya beti mbili anasimamisha tena. Hakunitaja. Aliwaambia sauti ya tatu wasikilizane, au aliwaambia kina mama wasivute wimbo. Mimi nilikuwa nakubaliana naye kabisa. Kwa kweli nilikuwa nasikia wanapanda. Nilikuwa nawafuata huko juu kila wanapokwenda, na nilijisifu moyoni kwamba gita langu linaweza kuwafuata, ambapo gita la freti lingebaki nyuma.

Halafu nikaanza kuhisi kwamba nyuzi zina kasoro. Nyuzi zikizeeka hupoteza noti, hilo kila mpigaji analijua. Nikasafiri hadi Mwanza. Wakati ule bado tunavuka kwa kivuko, na daraja tunaliona pembeni likijengwa. Muuza vyombo, kijana mpole mwenye duka la ngazini, alinitafutia nyuzi zilizosagwa bapa, laini kama utepe, ambazo hazili ubao.

"Kaka, hizi haziulizwi na mtu," alisema. "Zimekaa hapa mpaka nimesahau. Wewe unapiga nini?"

Nilimweleza. Akaniomba picha. Nilimwonyesha kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akasema, "Umefanya mwenyewe? Huko Biharamulo?" Nilirudi nyumbani nimefura kichwa.

Nyuzi zilikuwa nzuri, sauti yake nene kama maziwa ya mgando. Kwaya wakasema, "Sasa afadhali." Lakini baada ya majuma machache mwalimu alikuwa amerudia kusimamisha nyimbo.

Nikapakua kwenye simu ile programu ya kutyuni yenye mshale. Ukipiga noti sawasawa mshale unasimama katikati. Nikiwa peke yangu mshale ulisimama katikati, mara nyingi. Nilipojaribu kupiga huku wimbo wa kwaya yetu ukilia kwenye redio ndogo, mshale ulikaa kulia, upande wa noti iliyopanda, haukutaka kurudi. Nikasema programu inachanganywa na kelele za wimbo, nikaifuta.

Nikachukua rangi ya kucha ya binti yetu, nyeupe, nikachora mistari kwenye shingo mahali freti zilipokuwa. Ilinisaidia siku ile nilipokuwa naitazama mistari. Lakini mtu hawezi kupiga wimbo wa kuabudu ameinamia shingo ya gita kama anayetafuta sindano. Nikiinua macho, masikio yananivuta, vidole vinaondoka kwenye mistari vyenyewe.

Nikanunua amplifaya kubwa zaidi, maana nilidhani sijisikii. Nikabadilisha pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi; yule kijana wa Mwanza aliituma kwa basi imefungwa kwenye gazeti. Nikanunua waya mpya, spika ya mitumba yenye koni iliyoshonwa, na kipande cha sponji cha kuweka chini ya nyuzi karibu na mkia. Kila kitu kipya kilipoingia, kwaya walisema, "Sasa afadhali," na mke wangu alikuwa anainama anatengeneza kanga yake. Sikuona kwamba alikuwa anainama. Naliona sasa.

Kilichofuata kilitokea Keza, nyumbani kwao mke wangu, harusi ya mdogo wake. Familia iliomba kwaya yetu ije kwa heshima ya dada yao. Tukapakia vyombo kwenye Fuso la kukodi, waimbaji kwenye mabenchi nyuma, vumbi likatupaka sote rangi moja. Kwa wakwe mtu hujipanga. Nilivaa suti, nilisalimia kwa adabu zote, nikakaa mbali na mama mkwe kama inavyotakiwa, na nilijua kwamba wakati wa nyimbo atakuwa ananitazama, maana mkwe wake ni mpiga besi na amewasimulia majirani.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili watu walianza kugeuka, nikadhani wanageuka kwa kuvutiwa. Katikati ya wimbo wa tatu mwalimu aliwaacha waimbaji waendelee, akatembea polepole hadi kwenye meza ya vyombo, kama mtu anayekwenda kunywa maji, akashika kitufe cha sauti ya besi na kukizungusha hadi sifuri. Niliuona mkono wake. Kabla sijaelewa, nilihisi kwenye nyayo: udongo uliokuwa unatetemeka chini yangu ulikuwa umetulia. Nilikuwa napiga gita lisilotoa sauti.

Niliendelea kupiga. Ningefanya nini, wakwe wote wananitazama? Niliendelea kuhamisha vidole, natikisa kichwa kwa mapigo, mpaka nyimbo zote zikaisha. Walitupigia makofi. Mama mmoja akaja akanitunza noti mpya ya hela, akaibandika kwenye paji la uso wangu lililolowa jasho.

Nilimfuata mwalimu nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikokwenda kupumzika.

"Mwalimu, umenizima."

"Nimekupunguza."

"Umenizima. Mbele ya wakwe zangu."

Alivua miwani akaifuta kwa shati, akairudisha, akaivua tena. "Mzee wa besi," alisema, "ningekuacha, wangecheka. Walikuwa wameshaanza."

"Nimekosea wapi?"

"Uko juu. Sisi tuko hapa, wewe uko juu kidogo. Si sana. Ni kiasi cha kuumiza tu."

"Wanaopanda ni wao. Mimi nawafuata."

"Hawapandi," alisema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. "Kinanda kinawashika. Kinanda hakipandi. Hawajawahi kupanda."

"Tangu lini?"

Alivaa miwani yake. Akasema, "Muulize mke wako."

Nilimuuliza siku ya pili, tukiwa tumerudi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasafisha dagaa.

"Tangu kabla ya nyuzi," alisema.

"Kabla ya nyuzi? Na hukuniambia?"

"Nilidhani nyuzi zitasaidia. Halafu nikadhani ile amplifaya itasaidia. Ulikuwa unarudi na kitu kipya umefurahi hivyo, baba watoto, ningesemaje?" Alifuta mikono. "Mama ameniuliza jana. Amesema kwa lafudhi yake ya Kihangaza, 'Murize mkwe wangu, gita rake rimeingia maji?' Nimemjibu ndiyo, limeingia maji."

Tulijaribu kama zamani, kwenye benchi nje ya jiko. Alitoa noti. Nikaitafuta, nikaipata, nikamwambia nimeipata. Akatikisa kichwa, akaendelea kuishikilia. Nilishuka mpaka akasema hapo, na hapo aliposema ndipo, kwangu mimi, sauti yake na uzi wangu vilikuwa vimeachana kabisa, vinakwaruzana. Sijui nini kilinituma, lakini niliziba sikio la kulia kwa kiganja. Noti yake ikashuka. Nikalifungua, nikaziba la kushoto. Noti yake ikapanda. Alikuwa hajabadilisha kitu, bado anaimba noti ileile, ananitazama, shingo yake imesimama mshipa kwa kukosa pumzi. Nikafungua yote mawili, nikawasikia wanawake wawili wakiimba noti mbili zisizopatana.

"Acha," nilimwambia. "Inatosha."

Huko Mwanza, hospitali, mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke wa umri wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akaniingiza kwenye chumba kidogo kilichofunikwa sponji, akanivisha vidude masikioni, akanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Mwanzoni nilibonyeza, nikabonyeza. Halafu kukawa kimya. Nilimwona kupitia kioo bado anageuza vitufe vyake, ananitazama, anageuza tena, anaandika. Ndipo nikaelewa kwamba hakukuwa kimya. Milio ilikuwa inakuja na mimi nimekaa tu na kidole juu ya kitufe kama mtu anayengoja kuitwa.

"Baba unafanya kazi gani?" aliniuliza baadaye.

"Nasaga."

"Unavaa kitu masikioni?"

"Navaa kitambaa puani. Kwa ajili ya vumbi."

Alinieleza bila haraka, na namshukuru kwa hilo. Kelele zimeua sehemu ya ndani ya sikio la kulia, na la kushoto limeanza kulifuata. Lililoumia linasikia sauti za juu zikiwa zimehama, zimepanda kidogo kutoka mahali pake. Sauti nene za chini, kama za besi, bado linazisikia mahali pake. "Kwa hiyo waimbaji wanakufikia wamepanda," alisema, "na gita lako linakufikia lilivyo. Wewe unalivuta liwafikie."

Niliuliza kuhusu dawa. Hakuna. Niliuliza kuhusu vile vifaa vya kuvaa sikioni, akasema vinaongeza ukubwa wa sauti, lakini noti iliyohama itabaki imehama, tena kwa nguvu zaidi. Niliuliza kama nikiacha mashine itarudi. Alinitazama kwa huruma iliyonikera. "Ambacho hakijafa, utakiokoa. Kilichokufa, hapana." Nikamwambia kwamba mashine ndiyo tunayokula. Akanipa vizibo vya plastiki vya rangi ya machungwa, nami ninavivaa kila siku, vinanisaidia nisizidi kuharibika haraka.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na wazo moja, na nililishikilia njia nzima. Wazo lenyewe lilikuwa freti. Gita lenye freti halijali masikio ya mpigaji, ukibana, limetoa. Kama nisingezing'oa zile za kwanza, pengine ningepiga mpaka uzee bila mtu kujua, hata mimi mwenyewe. Mwalimu aliniazimia besi ya freti ya kanisa la jirani. Nilipiga nayo Jumamosi moja kwenye mazoezi, na kwa mujibu wa kila mtu nilipiga sawa. Mwalimu alinyoosha kidole gumba. Waimbaji walifurahi, dada mmoja akafuta machozi.

Mimi nilikuwa nasikia kwaya nzima imekaa juu ya besi yangu vibaya, kama bati lililopigiliwa upande, na kila nikibana noti sahihi ilikuwa inanichoma. Huko nyuma, nilipokuwa nakosea, angalau nilikuwa nasikia muziki. Sasa nilipatia na sikusikia kitu ninachoweza kukiita kwa jina hilo. Nilimaliza wimbo wa pili, nikachomoa waya, nikaukunja vizuri, nikamrudishia mwalimu gita.

"Ulikuwa sawa kabisa," alisema. "Nakuapia."

"Najua, Mwalimu."

"Basi rudi. Utazoea."

Sikurudi. Yeye alikuja nyumbani mara kadhaa, tukanywa chai, tukaongelea bei ya mahindi na barabara ya Nyamahanga, hakuligusa tena jambo hilo. Siku hizi mpiga kinanda ndiye anayetoa besi kwa mkono wa kushoto, na watu wengi hawajagundua tofauti. Nilipoambiwa hivyo na mtu aliyetaka kunifariji, nilimkaribisha soda.

Besi nilimpelekea yule kijana wa Mwanza auze pamoja na pikapu na nyuzi zake bapa. Ilikaa dukani kwake mvua zote mbili. Mwishowe alinipigia simu.

"Kaka, wateja wanaishika, wanaisifia uzito, halafu wanaulizia imeharibikaje shingo. Nikiwaeleza, wanaondoka. Kuna mmoja amesema ataichukua kama nitaipandia freti."

"Mpandie."

"Mifereji uliijaza mbao na gundi, kaka. Fundi amekataa kuigusa."

Aliirudisha kwa basi. Niliichukua stendi ya Biharamulo imefungwa kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, kamba ya mkonge kiunoni, na kondakta akaniuliza kama ni jembe la kukokotwa na ng'ombe. Iko juu ya kabati. Mke wangu huwa anaipangusa vumbi, sijui kwa nini.

Lakini hilo la besi ningeweza kulibeba. Watu wengi wameacha vitu vikubwa kuliko gita. Kilichonishinda ni jambo la nyumbani. Mke wangu alikuwa mtu wa kuimba akifanya kazi, tangu nilipomkuta kwao Keza akiwa binti. Alikuwa anaimba akifua, akipepeta, akimpaka mtoto mafuta, nyimbo za kanisa na nyingine za Kihangaza ambazo mpaka leo sizielewi zote. Baada ya Mwanza, polepole, nyumba ikawa kimya. Ilinichukua muda kugundua, kwa sababu mimi nina nyenje wangu wananijazia kichwa. Siku moja nilimwambia, "Siku hizi huimbi."

"Naimba kwaya."

"Hapa nyumbani."

Alikuwa anamenya ndizi, mikono yake imepakwa utomvu. "Nikiimba unakunja uso," alisema.

"Sikunji."

"Unakunja. Hujioni."

"Imba sasa. Nakuomba, mama watoto."

Aliimba ubeti mmoja, wimbo mfupi, huku ananitazama usoni kama mtu anayetazama maziwa yaliyo jikoni. Nilijitahidi. Niliwaza mambo mengine, nililegeza mashavu, nilitabasamu hata. Wale wanawake wawili waliimba, mmoja kama yuko ndani ya nyumba na mwingine kibarazani, na mimi nikawa natafuta yupi kati yao ni wangu.

Alinyamaza kabla ubeti haujaisha. "Umeona?" alisema bila hasira, akachukua ndizi nyingine.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Nyamahanga na pikipiki, nimebeba mkanda mpya wa mashine na galoni la oili. Karibu na kwetu, pale njia inapopanda kabla ya kukata kona, nilizima injini ili nifunge mzigo uliolegea. Nikavua kofia. Nikamsikia. Alikuwa anafua nyuma ya nyumba, alidhani yuko peke yake, na alikuwa anaimba kwa sauti yote, si ile anayoipunguza kanisani ili asiwafunike wenzake. Ilinifikia vibaya, imepasuka vipande viwili kama inavyonifikia siku zote. Nilikaa kwenye mzigo nikasikiliza hivyo hivyo. Jirani akapita na jembe begani, akaniuliza namsubiri nani, nikamwambia simsubiri mtu.

Aliimba nyimbo nyingi. Alipomaliza, na nilipohakikisha amemaliza, sikuwasha pikipiki; angejua nilikuwa pale. Niliisukuma kupanda kile kilima mpaka uani, nikihema. Alikuwa anaanika mashuka.

"Mbona unasukuma?" aliuliza. "Mafuta yameisha?"

"Yameisha."

Aliacha mashuka, akaja akashika nyuma ya pikipiki, tukaisukuma wote wawili hadi kivulini.